Dirisha la Spinachi

Asubuhi moja ya Aprili, ndani ya basi la mji wa Duluth, mama aliyekaa mbele yangu alifungua dirisha, ingawa nje theluji ilikuwa bado imeganda kando ya barabara. Mapajani alipakata vidumu viwili vya maziwa vilivyokatwa katikati, vikajazwa udongo, kisha vikafungwa tena kwa utepe.

"Mama, funga, tutakufa humu!" akasema mzee wa kando yake, amejikunyata.

"Vumilia, bwana. Hii ni miche ya spinachi. Nimehama, na bustani yangu yote ndiyo hii. Ikizoea joto la basi, baridi ya leo usiku itaiua."

"Kwa hiyo nife mimi?"

"Wewe una koti."

Nililitazama. Lilikuwa koti zito kweli.

Mzee akachungulia mdomo wa kidumu. "Ulipanda lini?"

"Januari. Nilitia mbegu, nikaviacha vidumu nje, juu ya theluji."

"Zikaota? Nani aliziambia baridi inapungua?"

"Hilo hata mimi sijui."

Mzee akakaza skafu, akachungulia tena. Basi liliposimama kituoni kwake, dirisha lilikuwa bado wazi.

"Mwezi wa sita nakuja kudai majani yangu," alisema akishuka. "Nimeyalipia kwa masikio haya yaliyoganda."