Mifuko Iliunganishwa, Nikaandikwa Marehemu

Sifa ni kwa Bwana, ndugu zangu! Mimi ni Masanja Luhende, na sijafa! Nasema hivyo kwa sababu ofisi iliniandika marehemu.

Miaka ishirini na miwili nilikuwa fundi wa injini katika kiwanda cha kuchambua pamba, Kahama. Tulikuwa na mfuko wetu wa pensheni, na karani wake alimjua kila mtu kwa sura. Kisha wakubwa wakaja kutangaza kwamba mifuko ya viwanda vyote inaunganishwa. "Ukihamishwa kiwanda, miaka yako haipotei," walisema. Sikatai, hilo lilikuwa kweli. Mpishi wetu aliyepita viwanda vitatu alihesabiwa miaka yote, akastaafu vizuri. Lakini mimi! Majalada yalipelekwa Shinyanga, mbali na waliotujua. Huko kulikuwa na Masanja Luhende mwingine, mpakiaji wa marobota ya pamba, aliyefariki. Wakatuunganisha na sisi! Watu wawili, jalada moja!

Nilipostaafu nilipanda treni Isaka hadi ofisini kwao. Karani hakuinua hata macho. "Huyu alikufa. Mjane wake wa Bugarama ameshalipwa."

"Nimekufaje nami nimesimama hapa?"

"Lete uthibitisho."

Ndugu zangu, hasira ilinipanda! Nilirudi nyumbani nikachukua panga, mimi mwimbaji wa kwaya, nikaenda Bugarama kumtafuta mjane huyo aliyekula pensheni yangu.

Nilimkuta akipalilia mihogo, mtoto mgongoni. Nikamfokea jina langu. Akaliona panga, wala hakukimbia.

"Shikamoo, baba. Kumbe unaitwa kama marehemu mume wangu? Ndiyo maana walinipa mafao ya miaka mingi kuliko aliyofanya kazi. Niliwauliza, wakanifukuza."

Aliuliza! Wakamfukuza! Panga likanidondoka. Nikapiga magoti palepale shambani, nikalia, nikamwomba Mungu anisamehe damu niliyokusudia kuimwaga.

Kesho yake tulisafiri pamoja hadi Shinyanga. Mbele ya meneja mama yule alisema, "Mume wangu nilimzika mwenyewe. Huyu si yeye." Meneja akaagiza jalada lifunguliwe upya. Baada ya miezi saba nikaandikwa tena miongoni mwa walio hai, naye hakudaiwa kitu.

Ofisi ile bado inanikasirisha, sidanganyi. Hakuna hata mmoja aliyeniomba radhi! Lakini Bwana aliniokoa nisiwe muuaji, namshukuru. Nawe uliyeingia humu na kisasi moyoni, njoo mbele umkabidhi Yeye. Njoo leo, kabla hujamfikia mtu wako.