Nyama Yangu Si Kibudu

Assalamu alaykum, ndugu zangu wachinjaji na wauza nyama wa Ibra, na kina mama wa mtaa. Nimeambiwa nizungumze kwa upole. Nitajaribu, lakini siahidi.

Mnajua tulikotoka. Wazee wetu walipofika hapa Omani kutoka Unguja hawakukuta mitende ya kurithi. Walikuwa na visu vyao tu. Wakaingia machinjioni, kazi ambayo wenyeji wakiibeua, na sisi tukiitwa watoto wa damu. Tukavumilia, tukafungua maduka. Marehemu mume wangu aliponiachia duka letu, nilichorithi hasa ni jina lake: nyama ya pale ni halali.

Basi bwana mmoja, jirani yangu, naye muuza nyama, mtoto wa machinjioni kama sisi, akatuma sauti kwenye wasap ya mtaa. Eti yule mjane anauza kibudu, mbuzi waliojifia wenyewe! Ndugu zangu, nawaambia, wateja wakawa wanapita mbele ya duka kama hawanijui. Nyama ikalala, nikaimwaga. Mwanangu akarudi kutoka skuli analia. Nikawa namwombea yule bwana dua mbaya, na simtaki Mungu radhi kwa hilo.

Ikaja Idi. Mtaani kwetu tuna shimo moja la shuwa. Kila nyumba inafunga nyama yake kwa majani ya mgomba, inaitia kwenye kikapu, vyote vinafukiwa pamoja juu ya makaa mpaka siku ya pili. Yule bwana akasema nyama yake hailali na kibudu. Akachimba shimo lake, akalifukia mbio mbio. Mimi nilikuwa darini naanika nguo, nikaona moshi unavuja ubavuni. Shuwa ikipata hewa, inaungua. Nilijua vizuri sana. Nikaendelea kuanika nguo zangu.

Siku ya pili wakwe zake wamekuja kutoka Nizwa, wamekaa wanangoja chakula, naye anafukua majivu. Mkewe akanijia mlango wa uani.

"Dada, nisitiri. Tupe kikapu kimoja tu."

"Wewe sina neno nawe, mwanangu. Lakini aje mwenyewe, pale shimoni, watu wakiwapo."

Akaja, jasho linamtoka.

"Bibie, nakuomba nyama."

"Nyama gani? Halali au kibudu?"

"Halali."

"Walio nyuma hawakusikia."

"Halali! Wallahi halali!"

"Haya, toa simu. Liseme kule kule ulikolisema lile."

Akatuma sauti: nyama ya yule mjane ni halali. Ndipo nikampa kikapu. Ah, roho yangu ilisuuzika! Asubuhi ya kufungua duka, wateja walirudi.

Nawashukuru nyinyi kina mama mlionunua kwangu siku zile mbaya, mkapita na mifuko yenu mchana kweupe mbele ya duka lake. Mungu awalipe. Na nasaha yangu ni hii: aliyekuchafua barazani, usikubali akutake radhi uani.

Jina lake sijalitaja. Mwenyewe yumo humu ndani, na kahawa yake naona imepoa.