Nyuki wa Kamanzi na Kiti cha Turbo

Kwenye kona ya Niboye, mkabala na duka la vocha, kuna benchi ambalo ukisikia linacheka ujue Turbo kafika. Ni ubao mrefu tu: ncha moja imelazwa juu ya mawe, ya pili juu ya sanduku la mbao lenye tundu mbele. Ncha ya sanduku ni ya Turbo peke yake, na tundu ni lake pia. Humo ndimo anamotupa maganda ya karanga. Jina lake la ubatizo ni Arnaud. Ni motari, hubeba abiria kwa pikipiki, shule aliiacha mapema akidai inamchelewesha, na tangu siku hiyo hajakutana na jambo asilolijua. Alasiri hiyo alikuwa ametoka stendi ya Nyabugogo na mzigo wa kinyozi Kamanzi: kisanduku cha wavu kilichojaa nyuki wanaovuma, na malkia wao ndani, kwenye kizimba chake kidogo.

— Nimewafunga nyuma ya pikipiki, kila taa nyekundu nawaimbia, Turbo alisema huku akipokea kahawa kwa Mama Spéciose, muuza kahawa wa hapo. Abiria wengine wangejifunza adabu hapo.

— Punguza sauti, sha, Kamanzi alimwambia, akiwa amechuchumaa mbele ya kisanduku. Wana joto hawa.

Kamanzi hakuwa na hamu ya utani. Sungura wake walikufa wote, na mkewe Winifred alishatoa hukumu: na nyuki wakifa, asilete tena nyumbani kitu kinachopumua, hata kuku wa Krismasi.

— Aliyeniuzia kasema niwaweke kivulini, na leo kabla ya giza wawe ndani ya mzinga.

— Kivuli si kitu, mon cher, alisema mzee Cyriaque, wanayemwita Direkta kwa sababu ya tai yake. Nyuki iko nataka heshima. Kule Bujumbura tulikuwa tunawasalimia kwanza, mmoja mmoja.

— Direkta, hao ni maelfu. Ungewasalimia mpaka leo, Turbo alisema. Sikilizeni. Tunawaweka kwenye friji la muuza soda. Wakishalala, unawamwaga mzingani kama mchele.

— Na soda nani atazichukua? Direkta aliuliza.

— Wewe na hiyo tai.

Direkta aliinama akakitazama kile kizimba.

— Huyu malkia yuko jela bila kesi. Mfungulie.

— Usiguse, mzee wangu, Kamanzi alisema. Mlango umezibwa na sukari. Wenyewe wataila pole pole wakimzoea harufu. Ukimtoa leo wanamuua, wanamwona mgeni.

— Si nilijua, Turbo alidakia. Hajaandikishwa kwa mkuu wa mudugudu, mtaa haumjui. Jumamosi ya umuganda, mtaa mzima ukifanya kazi pamoja, mpe jembe, wote wamwone, kelele zitaisha.

Mama Spéciose hakungoja Jumamosi. Alikoroga sukari kwenye maji, akachovya vidole, akarashia wavu kidogo kidogo. Mvumo ukashuka.

— Ilikuwa sukari yenu hiyo, alisema. Kahawa iliyobaki mtakunywa chungu.

Nyuki wachache waliosafiri nje ya wavu walizunguka, wakatua kwenye tundu katikati ya miguu ya Turbo, wakaingia. Turbo alibana magoti, kisha akajikaza akatabasamu.

— Mmeona? Wananifuata. Wanajua harufu ya mwanaume.

— Ni karanga, Direkta alisema.

Hapo ndipo Connie, jirani anayetoka kazini, alisimama kuomba kikombe. Akatazama kisanduku, akatazama jua lililokwisha kuegemea kilima.

— Kamanzi, mzinga wenyewe uko wapi?

Kamanzi alitoa simu, akampigia fundi Kubwimana aliyeagizwa mzinga, akaweka spika wote wasikie.

— Boss, mzinga niliuleta kitambo, fundi alisema. Hukuwepo, nikamkabidhi yule motari mwenye mdomo. Nimeupaka nta ndani, nyuki wataupenda.

Turbo akaikumbuka siku hiyo vizuri. Mguu wa benchi ulikuwa umevunjika, yeye alikuwa katikati ya hadithi, akamwambia fundi bila kugeuka: weka hapo chini ya ubao.

Wote walikuwa wanamtazama. Aliinuka taratibu. Ubao ukapinduka, Direkta akateleza mpaka chini na kikombe chake juu, wala hakikumwagika.

— Ça va, niko sawa, Direkta alisema kutoka mavumbini.

Walicheka kidogo tu, jua lilikuwa linakwenda. Waliinamisha mzinga wakatoa maganda ya karanga ya mwezi mzima, Turbo akajitwika kichwani, na Kamanzi akamfuata na nyuki hadi shamba la ndizi bondeni. Kila hatua ganda lingine lilimwangukia Turbo shingoni.

Kesho yake kijiwe kilikunywa kahawa kimesimama. Winifred alipita na kapu la soko.

— Wamelala vipi?

— Wanatoka na kuingia, Kamanzi alisema.

Winifred alifikiri kidogo.

— Basi kuku lete.

Alipokwisha kupinda kona, Turbo alisafisha koo.

— Mzinga unahitaji joto kabla ya nyuki. Mwezi mzima nimeupasha, bila hata kuombwa. Nani mwingine hapa angekubali?

Direkta alitafuta pa kukaa ili amjibu. Hapakuwepo.