Viti vya Juani

Jumapili ile tramu yetu ya Mtaa wa Grand, hapa St. Louis, ilijaa kofia za kanisani. Mama mmoja, boksi la kuku wa kukaanga mapajani, alimwambia mzee asiyemjua, "Mchungaji wetu leo kafupisha mahubiri mpaka kasahau sadaka! Wote tunawahi kumwona Tarver akicheza."

"Tarver katuacha," mzee akanuna. "Tangu ahamie besiboli ya wazungu, timu yetu ya weusi inacheza mbele ya viti vitupu. Mimi naenda kwa wetu, kituo cha mwisho."

"Katuacha wapi, baba? Jana wamemrushia mpira kichwani, kaanguka, wanamzomea. Kainuka, kajipangusa vumbi, uliofuata kaupiga kwa gongo ukavuka ukuta wa uwanja. Wazomeaji wote kimya, kama wamemwagiwa maji!"

Nikacheka. Mzee akanikata jicho.

"Na bado sisi weusi wanatukalisha juani, nyuma ya ukuta."

"Ndiko anakoipiga mipira yake," mama akajibu.

Tramu ikasimama kwenye uwanja anakochezea Tarver. Mzee naye akainuka.

"Si unakwenda kituo cha mwisho?" mama akauliza.

"Nashuka kumwambia arudi nyumbani," akafoka, huku akichomoa kotini glavu kuukuu ya kudakia mpira.