Kumuaga Mama Faudhia, Aliyetufundisha Kupunguza Bila Kukata

Bi. Sijaona Abdulatifu, ambaye hapa chuoni na Newala nzima tunamwita Mama Faudhia, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kufundisha ushonaji katika chuo chetu cha ufundi kwa miaka thelathini na miwili. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mkuu wa chuo wa zamani, niandike machache kwa ajili ya kijitabu cha leo. Nilikubali haraka. Daktari ameshaniambia wazi hali yangu, na sikutaka maneno haya yaandikwe na mwingine.

Mama Faudhia alizaliwa Lupaso, wilayani Masasi, katika familia ya wakulima wa korosho. Kazi aliianzia kwenye baraza ya fundi mmoja karibu na stendi ya Masasi, akishona vifungo na kukunja pindo. Alipofika kwetu alikuta vyerehani vya kukanyaga ambavyo vingi vilikuwa vimegeuka meza za kuwekea madaftari. Alivifungua mwenyewe, akavisafisha na kuvitia mafuta. Kabla muhula haujaisha, kelele za vyerehani hivyo zilikuwa zinafika hadi ofisini kwangu, nami sikulalamika.

Walimu wengine walianza na sare za shule, yeye alianza na nguo ya mwanafunzi mwenyewe. Kila msichana alitakiwa aje na nguo isiyomkaa: mtumba wa Masasi, gauni la shangazi, shati la kaka. Alimsimamisha mbele ya kioo, akamwambia aseme mwenyewe wapi pamezidi na wapi panabana. Kisha akampa wembe afumue, polepole, asijeruhi kitambaa.

Si wote waliofurahi. Mzee Silvesta wa Mkunya alikuja kwa hasira, akasimama mlangoni na kusema, "Nimemleta mtoto ajifunze kushona, nyie mnamfundisha kufumua!" Mama Faudhia alimwamkia, akamkaribisha kiti, akalitazama shati lake, ambalo mabega yake yalikuwa yameteremka karibu na viwiko. Akamwita Flora, binti wa mzee huyo, aje na pini. Mzee alirudi nyumbani na mabega mahali pake, na mwaka uliofuata akamleta mdogo wake Flora.

Alikuwa na sharti moja lisilovunjwa: ukipunguza nguo, kitambaa kilichozidi usikikate, kibaki ndani ya mshono. Sababu kila mtu wa huku anaijua. Miezi ya kulima miili yetu hukonda, na korosho zikishauzwa miili hurudi. "Usikate, msimu unakuja," alisema, mpaka wanafunzi wakawa wanaitikia kwa pamoja. Waliitikia hata bwaloni, mpishi alipoinua kisu kukata ugali.

Sharti la pili lilikuwa gumu zaidi. Hakumshonea mtu mwenye mikono na macho, alimfundisha. Hapo ndipo ninapoingia mimi, na hapo naomba nikiri jambo, maana nafasi nyingine huenda nisiipate.

Mwaka jana ugonjwa ulipoanza kunikondesha, niliacha kwenda kanisani na kukaa na wenzangu. Niliwaambia watu ni miguu. Haikuwa miguu, ilikuwa suruali. Zilinining'inia, mkanda umezikusanya kiunoni kama mdomo wa gunia, na sikutaka kutazamwa kwa huruma. Nilijaribu kupunguza moja kwa siri, nikaishona pembeni. Mifuko ikahamia nyuma. Kila nilipotafuta leso, nilijipapasa makalio.

Nikamtuma binti yangu Bibiana azipeleke kwa Mama Faudhia. Zilirudi jioni ileile bila kuguswa, na ujumbe juu yake: "Mwambie Mwalimu mikono yake ni mizima. Aje darasani."

Nilikasirika, kisha nikaenda, mkono mmoja umeshika suruali isianguke. Nancy, wa mwaka wa kwanza, alisimama. "Shikamoo, babu. Mbona umechelewa kuripoti?" Darasa likacheka, nami nikacheka, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Mama Faudhia hakunipa pole. Alinipa wembe. Akanionyesha kwamba suruali ya kiume hupunguzwa kwenye mshono wa nyuma, katikati, na mifuko hubaki ilipo. Nilifumua upuuzi wangu, nikashona kwa mkono. Nikakosea, nikafumua tena. Jumapili iliyofuata nilikuwa kanisani, kiti cha mbele.

Tangu hapo nimeipunguza suruali hiyo kila mwili ulivyodai. Mwezi uliopita kitambaa cha ndani kilikuwa kimerundikana hata kunikera nikikaa. Nikaenda nayo darasani, nikachukua mkasi. Nikamwambia, "Mama Faudhia, huyu unayemwona hanenepi tena." Alikuwa ameinama kwenye cherehani cha mwanafunzi, wala hakugeuka. "Usikate, Mwalimu." Na darasa zima likamalizia: "Msimu unakuja!"

Niliuweka mkasi chini.

Sasa anarudi Lupaso kwenye mikorosho yake, na najua barazani kwake patakuwa na foleni ya watu watakaopewa wembe badala ya huduma. Kwa niaba ya walimu, wanafunzi na wazazi, pamoja na Mzee Silvesta na mabega yake, asante sana, Mama Faudhia. Uwe na afya, mikorosho yako izae, na kila mwaka uwe na sababu ya kuachia mshono kidogo.

Leo nitakukabidhi zawadi nikiwa nimevaa suruali hiyo. Wanangu nimeshawaagiza: siku yangu ikifika, wanivalishe hiyohiyo, na kilichomo ndani ya mshono wasikikate.