Balozi Honoré Barutwanayo, Aliyekataa Kusaini (1951–2025)

Balozi Honoré Barutwanayo alizaliwa Bwiza, Bujumbura, tarehe 14 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi cherehani Gaspard na Mama Mwavita, muuza vitambaa wa mtaa wa Asiatique. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Bwiza. Angali mwanafunzi, aliwaandikia majirani barua, na hakufunga bahasha kabla ya kuwasomea na kuuliza, "Ni hivi ulisema?"

Alihitimu sheria, akaingia Wizara ya Mambo ya Nje mwaka 1976. Tarehe 8 Septemba 1979 alifunga ndoa na mwalimu Lisette.

Vita vilipokwisha, mwaka 2006, aliongoza ujumbe wetu katika mazungumzo na nchi jirani kuhusu wakimbizi. Rasimu ya mkataba iliwapa miezi mitatu wawe wamerudi, watake wasitake. Mama yake mwenyewe alikuwa kambini huko tangu 1996, alipokimbia vita kutoka mtaa wa Kanyosha, Bujumbura, alikokuwa amehamia. Marehemu alikwenda kumwona.

"Mama, nikisaini, Noeli utakula nyumbani."

"Na jirani yangu Prodige, mwenye walinyang'anya shamba yake?"

"Ye pia atarudi. Kwa nguvu."

"Mi nataka kurudi, mutoto wangu. Lakini hivyo, apana."

Hakusaini. Wakubwa walikasirika, wakamwita nyumbani, akakaa miezi minane bila kazi. Mazungumzo yalipokwama walimrudisha, na sharti lake likaandikwa: mtu asirudishwe bila ridhaa yake, wala bila ardhi ya kumpokea. Sharti hilo likawa msingi wa mikataba yote ya wakimbizi tuliyofunga na majirani baada ya vita.

Mama Mwavita hakuiona siku mkataba huo uliposainiwa. Alifia kambini wiki sita kabla, akazikwa huko huko. Balozi alipigiwa simu akiwa ofisini; alimaliza aya aliyokuwa akiiandika, ndipo akalia.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Siku zake za mwisho hospitalini alimwambia mkewe, "Nilifanya sawa, Lisette. Lakini mama nilimuchelewesha." Lisette hakumbishia, alimshika mkono tu. Balozi alifariki hapa Bujumbura Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, saa nane mchana.

Ameacha mjane, Lisette, watoto wawili, Fabrice na Chanelle, na wajukuu wanne. Mungu ampe pumziko, na ampe ule msamaha alioutafuta miaka yote, ambao sisi hatukuweza kumpa kwa kuwa haukuwa wetu.