Mama Taipu na Ngazi Arobaini na Nane

Ndugu, majirani na marafiki, mimi ni binti yake wa kwanza, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, na naomba mnivumilie, maana kuna mahali nitajisema mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951, mtoto wa tatu kati ya sita, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, kisha akajiunga na chuo cha uhazili, akahitimu mwaka 1970. Tarehe 2 Februari 1971 aliajiriwa ofisi ya ardhi akiwa mpiga chapa, wakambandika jina la Mama Taipu hata kabla hajapata mtoto, akakalia kiti kile kile miaka thelathini na mitano, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006. Tarehe 7 Desemba 1974 alifunga ndoa na fundi saa, baba yetu, aliyetangulia mwaka 2012, wakajaliwa watoto watatu.

Alipostaafu, sisi watoto tulimnyang'anya ufagio, ndoo na hata kikapu cha sokoni, tukijiona tunamtunza kweli kweli, naye akanenepa hadi kilo mia moja na nne, watu wakatupongeza, lakini mama, aliyeishi ghorofa ya tatu, akawa hashuki ila siku ya kliniki, shoga zake wakabaki kumpungia mkono kutoka chini. Mwaka 2016 daktari wa presha alimwambia aanze mazoezi taratibu, akaanza kwa kuinuka kitini mara kumi bila kujishika, akaendelea na kutembea kwenye korido, kisha ngazi, na baada ya miaka miwili alikuwa na kilo themanini na sita, anakwenda sokoni mwenyewe, anabishania bei ya nyanya, anarudi anacheka.

Hapo ndipo mimi nilipoharibu. Kwenye harusi moja watu waliniuliza mama anaumwa nini, mmoja akataka kujua kama siku hizi chakula tunampa, aibu ikanivaa, na tarehe 3 Machi 2018 nikamhamishia kwangu, nikamjazia sahani, nikamwagiza mlinzi asimfungulie geti. Baada ya miezi mitano kilo zilikuwa zimerudi, na asubuhi moja alishindwa kuinuka bafuni, ikabidi niite wanaume wawili wa jirani wamnyanyue, mama yangu, amefunikwa taulo. Hakulia. Aliniambia, "Mwanangu, wewe unataka usifiwe, mimi nataka kupanda ngazi zangu." Wiki ile ile nilimrudisha kwake, akaanza upya na kuinuka kitini, akiwa na miaka sitini na saba, akapata miaka sita ya kwenda anakotaka.

Januari 2025 aligundulika ana saratani ya kongosho, akakonda kwa ugonjwa, na kwa wale wanaonong'ona kwamba mazoezi ndiyo yamemmaliza, daktari alitueleza wazi kwamba sivyo. Tarehe 9 Mei, siku ya kulazwa, alikataa kubebwa, akashuka ngazi zote arobaini na nane kwa miguu yake, akisimama kila kona kuvuta pumzi, mimi nyuma yake na mkoba. Alifariki tarehe 11 Mei, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wastaafu wenzake wa ofisi ya ardhi, majirani wote wa jengo lile, na hasa fundi viatu wa ghorofa ya chini, aliyekuwa akimhesabia ngazi kwa sauti na kumtania akichelewa.

Mama, nakuomba radhi mbele ya watu wote hawa kwa ile miezi mitano. Pumzika kwa amani, safari hii bila mtu kukulazimisha.